Kaburi la Kabuti

Binti wa mdogo wangu alipanda kutoka Makumira Jumanne mchana, akaingia jikoni kwangu, akaniamkia, akavuta kigoda na kutoa karatasi kwenye mkoba. Anasoma chuo huko. Mwalimu wao wa historia alikuwa amewapa kazi ya kuandika, naye akanisomea kichwa chake kwa sauti: urithi uliosahaulika wa jenerali wa vita aliyekuwa rais. Kila mmoja achague jenerali wake. Yeye alikuwa amemchagua yule wa nchi jirani, aliyejipa urais kwa bunduki, akajibandika nishani mpaka koti likaning'inia upande mmoja, halafu akatuma askari wake wavuke mpaka wetu kule Kagera.

"Majenerali wote hao, ukamwona yeye?" nilimuuliza.

"Shangazi, mabaya yake yameshaandikwa sana. Mwalimu anataka upande ambao watu hawauangalii."

"Na umeuona?"

Alikuwa ameuona. Jenerali alikuwa bondia. Jenerali alipiga kodiani. Jenerali aliwapa wananchi wake maduka ya wageni. Akanionyesha video kwenye simu: jitu kubwa linacheza ngoma, linacheka, linapungia watu mkono. Chini yake vijana walikuwa wamejaza vikatuni vya kucheka hadi machozi, na mmoja alikuwa ameandika kwamba siku hizi hakuna tena wanaume wa namna hiyo.

Nilikuwa namenya ndizi. Niliendelea kumenya, maana yule mtoto nampenda na sikutaka kumrushia maneno yaliyomstahili mwalimu wake.

"Upande usioangaliwa uko nyuma ya jiko hili," nilimwambia. "Toka ukauangalie, halafu urudi uandike."

Alitoka. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kwenye migomba, mbele ya tuta la udongo lililozungushiwa masale, yale majani marefu ambayo sisi Wameru tunayapanda kwenye mipaka na kwenye makaburi, na ambayo mtu mwenye akili zake hayang'oi. Alirudi na tope kwenye viatu.

"Ni kaburi la babu tu, shangazi."

"Ndilo hilo hilo. Na baba yako anataka kuliuza Jumamosi."

Hilo hakuwa analijua. Aliiweka kalamu chini.

Baba yake ndiye kitinda mimba wetu. Ana duka la vifaa vya ujenzi Levolosi, mjini, na amepata mteja, mtu wa Themi anayetaka kujenga nyumba za wageni mahali ambapo mlima unaonekana vizuri asubuhi. Kihamba chetu, shamba la ukoo tunaloishi, kinatazama Meru moja kwa moja. Mteja aliitaka nusu ya juu, kahawa, migomba, kaburi na vyote, ila kaburi lihamishwe kwanza. Alitaka pia sahihi za ukoo. Ndiyo maana mdogo wangu aliitisha kikao. Mimi nimekaa kwenye kihamba hicho tangu nizaliwe. Sijaolewa, na sababu yake ni wadogo zangu wawili, maana mtu wa kunioa alikuja mara mbili na mara zote mbili alikuta watoto wawili wanasubiri uji.

Nilimweleza binti mambo yafuatayo, naye akaandika.

Baba alikuwa mgambo. Hakuwa askari. Alikuwa mkulima wa kahawa aliyeshikishwa bunduki ya mbao kwenye uwanja wa shule na kuambiwa geuka nyuma, geuka kushoto. Jenerali alipovuka mpaka, lori lilikuja hadi kwenye ghala la kahawa na mgambo wakaitwa. Baba alikuwa na kabuti, lile koti zito refu, rangi ya majivu, lenye vifungo vya shaba, aliloachiwa na baba yake. Huku mlimani alfajiri kuna baridi ya kukata masikio, na zamu yake ya maji ya mfereji ilipofika alilivaa akaenda kuyafungulia. Siku ya lori alilivua akampa mama.

"Jeshi litanivisha," alisema.

Mama alikuwa na mimba ya kitinda mimba wetu. Mimi nilikuwa darasa la nne, na mdogo wangu wa kike alikuwa hajaanza shule.

Hakurudi. Walikuja watu wawili wa serikali, kofia mkononi, wakamwambia mama kwamba mume wake amezikwa kwa heshima pamoja na wenzake mkoani Kagera. Mama aliuliza ni mbali kiasi gani. Walimwambia. 

Tulishinda ile vita, na shuleni tuliimba. Baada ya kuimba tukaambiwa tufunge mkanda. Sabuni ikapotea, sukari ikapotea, mafuta ya taa yakapotea. Tulifulia majani ya mpapai ambayo mama aliyafuata Usa River kwa miguu. Mama alilivaa lile kabuti mchana na usiku. Alikuwa anakohoa, na kila mwezi kabuti lilizidi kumwenea vibaya, mpaka ikawa kama limesimama lenyewe na yeye amejificha ndani. Alifariki nikiwa darasa la sita. Nilimrudishia mwalimu vitabu vya shule siku ya tatu baada ya mazishi. Alivipokea.

Matanga hayajaanuliwa, baba mdogo, mdogo wake baba tumbo moja, akaingia uani na fimbo.

"Kihamba hiki hakina mwenyewe," alisema.

"Ni cha baba."

"Baba yako yuko wapi? Nionyeshe kaburi lake."

Nilinyoosha kidole kwenye udongo mbichi wa mama.

"Huyo ni mke wetu," alisema. "Amelala kwenye shamba letu."

Asiyetoka kwetu huenda asielewe ukali wa maneno hayo. Kwetu mwanamume huzikwa kwenye migomba yake, na kaburi lake ndilo linalosema shamba ni la nani. Karatasi za ardhi zilikuja baadaye sana. Mwanamume asiye na kaburi kwenye kihamba ni kama mtu aliyepita njia. Jenerali hakumuua baba tu. Alimlaza mahali ambapo hawezi kutetea migomba yake. Hilo silioni kwenye video za kucheza ngoma.

Baba mdogo alitupa hadi mwisho wa mavuno. Watoto wangegawanywa kwa ndugu. Mimi ningekwenda mjini kufanya kazi za ndani.

Siku ya soko, baba mdogo akiwa Tengeru kuuza ndizi, nilimwambia mdogo wangu wa kike achukue jembe. Kitinda mimba tulimkalisha kwenye gunia na kipande cha ndizi ya kuchoma. Tulichimba mimi na dada yake kuanzia asubuhi, kando ya kaburi la mama, mpaka shimo likanifika kifuani. Tukalikunja kabuti, vifungo juu. Hakuna aliyetufundisha. Sikuwahi kusikia mtu amezika koti. Nilijua tu kwamba shimo linahitaji kitu cha baba, na hicho ndicho kilichokuwapo.

Tukiwa tunafukia, mwinjilisti wa mtaa wetu alipita njiani. Aliona wasichana wawili wamejaa udongo.

"Mnafanya nini hapo?"

"Tunamzika baba," nilisema.

Alijua baba amezikwa Kagera. Yeye ndiye aliyetangaza kanisani. Alisimama, akalitazama shimo, akaona mkono wa kabuti ukitokeza. Kisha akavua kofia, akaingia uani, akafanya ibada yote, udongo kwa udongo, majivu kwa majivu, hakuruka neno. Alipomaliza alitusaidia kufukia, akaondoka bila kunywa hata maji. Tukapanda masale kuzunguka tuta.

Jioni baba mdogo alikuja na jembe lake. Alifika kwenye masale akasimama. Alikuwa mtu katili lakini Mmeru, na mkono wake haukuweza.

"Kuna nini humo?"

"Baba."

"Nani kamleta?"

Sikujibu. Akaenda kwa mwinjilisti, na mwinjilisti akamwambia, ndiyo, nimezika pale. Uongo haukuwa hapo. Uongo ulikuja wenyewe baadaye, kwa miaka, midomoni mwa watu: kwamba jeshi lilileta sanduku, kwamba lilikuja kwa gari lililofunikwa turubai. Kuna waliosema waliliona. Niliwaacha waseme. Nilipalilia kahawa, nikauza ndizi, nikamsomesha mdogo wangu wa kike mpaka akawa muuguzi Usa River, nikamsomesha kitinda mimba mpaka akajua hesabu za kunizidi. Sikuwahi kuwaambia watu ni koti. Hata kitinda mimba hakuwa anajua. Alipokuwa mdogo alikuwa anakwenda pale kumsimulia baba yake habari za mpira. Nilimwacha.

"Kwa hiyo babu hayumo?" binti aliuliza. Kalamu ilikuwa imesimama.

"Hayumo. Na baba yako ameshajua. Shangazi yako muuguzi kamwambia mwezi uliopita, alidhani ni habari ya kufurahisha sasa tumezeeka."

"Ndiyo maana anauza."

"Ndiyo maana anasema hakuna cha kuhamisha."

Jumamosi walikuja wanaume tisa wa ukoo, mdogo wangu wa kike na kitinda mimba. Binti naye alikuja na daftari. Mteja alibaki barabarani ndani ya gari lake, kioo kimefungwa. Nilitoa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa sababu wageni ni wageni. Mwenyekiti alikuwa mtoto mkubwa wa baba mdogo, ambaye ana macho ya baba yake na anakaa ng'ambo ya mfereji wetu, mahali pa kuyaona matunda yetu yakiiva.

Mdogo wangu alisimama. Alivaa shati la kunyooshwa vizuri.

"Wazee wangu, shikamooni. Sina maneno mengi. Mnalijua kaburi lile. Nimekua naliheshimu. Lakini mimi ni mtu mzima na nimeambiwa ukweli. Ndani hakuna mtu. Dada yangu alizika nguo. Hatuwezi kuacha maendeleo kwa ajili ya nguo."

Nilimtazama mwenyekiti, si mdogo wangu. Mwenyekiti alikuwa ameweka kata ya mbege chini polepole sana.

"Rudia," alisema.

"Nimesema ndani hakuna mtu."

"Katibu, andika. Mtoto wa marehemu mwenyewe anasema kaburi halina mtu." Akatugeukia wote, uso umeiva kwa furaha. "Basi hakuna haja ya kuuziana. Baba yangu, Mungu amrehemu, alisema toka mwanzo kihamba hiki hakina mwenyewe, akadanganywa na watoto. Kinarudi kwa ukoo. Na ukoo, upande huu, ni sisi."

Sasa nilimtazama mdogo wangu. Duka lake la Levolosi, hesabu zake zote, na hakuwa ameliona hilo. Mtoto aliyekulia juu ya kaburi hilo hakujua ndilo lililomshikia ardhi.

"Sikusema hivyo," alisema.

"Umesema mara mbili, bwana mdogo. Tumekusikia."

"Dada," aliniita. Sauti ilikuwa ya yule wa kwenye gunia.

Nilikasirika kiasi cha kuacha mambo yaende. Nasema kweli. Nilitaka aione nusu yake ikichukuliwa pamoja na yangu, alale nayo. Kisha nikaona binti ananitazama, nikasimama.

"Ndani kuna kabuti la baba," nilisema. "Nililizika mimi. Aliyefanya ibada ni mwinjilisti na alijua. Habari ya sanduku la jeshi mliitunga nyinyi, mimi nilinyamaza tu, na kunyamaza huko nakubali ni kosa langu."

"Kabuti!" mwenyekiti alicheka. "Au gunia la majani? Lichimbwe tuone."

"Masale hayo," mtu mmoja alinong'ona.

"Nimewapa ruhusa," nilisema. "Lakini atakayechimba ni huyu aliyetangaza kwamba hakuna mtu. Chimba, mdogo wangu. Jembe liko pale."

Alivua saa. Alianza kwa nguvu, kama anayetaka kumaliza. Mdogo wangu wa kike alikuwa analia, nami nilimwambia anyamaze. Udongo wetu ni mweusi na laini, na alikwenda chini haraka. Shati likalowa. Kisha jembe likagonga kitu, sauti ndogo ya chuma, na akaacha jembe, akapiga magoti, akaendelea kwa mikono. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, kimekuwa udongo mweusi kuliko udongo. Alitoa kifungo cha shaba, kijani kwa kutu. Akatoa cha pili na cha tatu, vimepangana mstari kama nilivyoviweka. Aliendelea kuchimbua kwa vidole hata baada ya kuambiwa inatosha. Hakuwa na kitu kingine chochote cha baba yake, wala picha.

"Sawa," mwenyekiti alisema. "Vifungo. Vifungo si mtu."

"Si mtu," nilikubali. "Mtu yuko Kagera. Na kabla hatujaendelea, mwenyekiti, turudi kwenye siku ya lori. Baba yako naye alikuwa mgambo. Jina lake liliitwa kabla ya la baba. Waulize wazee alikuwa wapi."

 Mwenyekiti alisema hayo ni mambo ya zamani. Nikamwambia kaburi nalo ni la zamani na amelichimbua.

"Alikuwa safarini," alisema.

"Alikuwa darini," nilisema, "juu ya ng'ombe wenu, kwenye majani. Mama aliniambia. Lori lilitaka mtu mmoja zaidi likapewa baba."

"Maneno ya mwanamke aliyekufa."

Pembeni alikaa mzee mmoja wa ukoo ambaye masikio yake yamechoka, na mjukuu wake alikuwa akimrudishia kila neno sikioni. Sasa alicheka peke yake, akagonga fimbo.

"Darini, ndiyo! Nilimpelekea maji mimi. Siku mbili! Akashuka ana kupe mpaka kwenye nyusi!"

Wanaume walicheka. Walijaribu kujizuia na wakashindwa, na mtoto wa baba mdogo alicheka kidogo naye, kicheko cha mtu anayesubiri kingine kiishe. Hakuweza kurudi tena kwenye habari ya mtu na vifungo. Yule mzee aliuliza mjukuu wake, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, sasa wanabishania nini? Mwenye shamba alikwenda vitani, mwingine akalala na ng'ombe, shamba ni la nani hapo?

Waliamua kihamba kibaki chetu, kaburi libaki na lifukiwe siku hiyo hiyo, masale yarudishwe, na nusu ya juu lilipo isiuzwe wala isijengwe. Katibu aliandika. Mteja aliteremsha kioo, akaambiwa, akatazama shimo lililo wazi kwenye kiwanja alichokuwa akikitaka, akageuza gari. Nusu ya chini angeweza kuichukua, lakini hakuitaka tena hata hiyo.

Mdogo wangu alifukia mwenyewe. Alipomaliza alinawa kwenye mfereji, akavaa saa, akanipita.

"Umefurahi?" aliniuliza.

"Hapana."

"Ungeniambia tangu nikiwa mtoto."

"Ungelitangaza ukiwa mtoto, tungekwisha."

Alishuka barabarani. Hajaja tena, ni mwezi wa tatu sasa, na simu zangu anapokea mke wake. Sijaomba radhi kwake na sitaomba. Kumnyima baba yake sikumnyima mimi. Aliyemnyima yuko kwenye simu za vijana, anacheza ngoma.

Binti alirudi wiki iliyopita na kazi yake imeshasahihishwa. Alinisomea yote mezani. Alikuwa ameandika kodiani, ndondi na maduka, kurasa tatu, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa. Ukurasa wa nne aliandika kabuti, lori, majani ya mpapai, baba mdogo darini, vifungo. Aliandika kwamba huu nao ni urithi wa jenerali na bado unagombaniwa mlimani. Aliuandika vizuri kuliko ninavyoandika mimi hapa. Pembeni ya ukurasa huo mwalimu alikuwa amepiga mstari mwekundu kutoka juu hadi chini, na maneno matatu: nje ya mada.

"Nikate rufaa, shangazi?"

"Hapana. Kula kwanza."

Nilikwenda nyuma kukata ndizi, nikapita kwenye kaburi. Masale mapya yameshika. Vifungo tulivirudisha chini kabla ya kufukia. Nilivihesabu mimi mwenyewe mkononi mwa mdogo wangu na kimoja hakikuwapo. Nilikuwa nimemwona akikitia mfukoni. Sikusema kitu siku ile mbele ya watu, na sijasema hadi leo.